Kinasa cha HDMI: bei yake halisi iko kwenye diski

Sekunde moja ya video ya HD, kabla haijabanwa, ni megabaiti 104. Picha moja ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikibebwa na biti 16 za mwanga na rangi, na picha zikiwa 25 kwa sekunde, unapata biti milioni 829 kila sekunde. Kamera za mfumo wa AVCHD, ambazo wapiga video wengi wa harusi walianzia nazo, ziliandika kwenye kadi biti milioni 28 kwa sekunde, na hicho ndicho kilikuwa kiwango chao cha juu. Data ilibanwa mara 30 kabla mpiga video hajaigusa.

Kinasa cha nje kilizaliwa kwa sababu ya pengo hilo. HDMI yenyewe ilitoka Desemba 2002 kwa ajili ya televisheni na mashine za DVD, na kamera ziliwekewa tundu lake ili mtu aone picha zake kwenye televisheni ya sebuleni. Baadaye wahandisi wakaona kwamba kinachopita kwenye waya huo ni picha ambayo haijapitia mtambo wa kubana wa kamera. Ukiweka upande wa pili wa waya kifaa chenye diski na mtambo mzuri zaidi wa kubana, utaandika kile ambacho kadi ya kamera isingeweza kukibeba. Mwaka 2010 ilianzishwa Melbourne, Australia, kampuni ya Atomos, na kifaa chake cha Ninja kilifanya kazi hiyo. Mshindani wake mkubwa, Blackmagic Design, naye ni wa Melbourne.

Leo mpiga video wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali anayeulizia kifaa hiki hutajiwa bei ya kinasa peke yake. Atomos Ninja V ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa dola 695, na Ninja ya mwaka 2023 ikaanza kwa dola 599. Bei hizo ni za Marekani, kabla ya usafirishaji na kodi. VAT peke yake ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Ni fedha nyingi, lakini ndiyo sehemu ndogo ya hesabu, na mtu akijua hivyo kabla ya kununua atajiokoa na mengi.

Tuanze na kasi ya data. Vinasa vingi huandika kwa ProRes, kodeki ya Apple inayobana kila picha peke yake badala ya kutegemea picha jirani. ProRes ina madaraja, na kwa video ya HD ya picha 25 kwa sekunde madaraja matatu yanayotumika sana ni LT kwa megabiti 85 kwa sekunde, 422 kwa megabiti 122, na HQ kwa megabiti 184. Ukipanda hadi 4K, ambayo nukta zake ni mara nne, LT inakuwa megabiti 342, 422 inakuwa 492, na HQ inafika 737.

Kuna njia rahisi ya kugeuza namba hizo kuwa nafasi ya diski. Zidisha megabiti kwa sekunde kwa 0.45, unapata gigabaiti kwa saa. HD kwa ProRes 422 ni gigabaiti 55 kwa saa, na 4K kwa daraja hilohilo ni gigabaiti 221.

Sasa chukua harusi moja ya kawaida yenye saa sita za kurekodi: ibada au nikaha, picha za nje, kisha ukumbini hadi keki na zawadi. Kwa HD na ProRes LT, kamera moja inajaza karibu gigabaiti 230. Kwa 4K na ProRes 422, inajaza gigabaiti 1,326. Kwa 4K na HQ ni karibu terabaiti mbili kamili. Na hakuna mpiga video makini anayebaki na nakala moja ya harusi ya mtu, kwa hiyo zidisha kwa mbili.

Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme diski ya kawaida unaipata kwa shilingi 100,000 za Tanzania kwa kila terabaiti. Bei ya mtaani kwako inaweza kuwa juu au chini ya hapo, weka yako. Harusi ya 4K kwa ProRes 422, nakala mbili, inakula diski za shilingi 265,000. Ile ya HD kwa LT inakula shilingi 46,000 hivi. Ukipiga harusi 40 kwa mwaka na kutunza zote, 4K itataka diski za shilingi milioni 10.6, na HD ya LT itataka shilingi milioni 1.8. Linganisha na kinasa chenyewe: dola 599, kwa kiwango cha kukadiria cha shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi milioni 1.5. Mtu aliyekopa milioni 1.5 ya kinasa ili arekodi 4K amejifunga, bila kujua, kwenye matumizi ya diski yanayoizidi bei hiyo mara saba kila mwaka.

Muda nao una hesabu yake. Diski ya kawaida ya nje huandika kwa takriban megabaiti 120 kwa sekunde. Kuhamisha gigabaiti 1,326 kwa kasi hiyo kunachukua saa tatu na ushei, na nakala ya pili saa tatu nyingine. Harusi ya HD kwa LT inahamishika kwa nusu saa. Na anayefikiri atamtumia mhariri aliyeko mji mwingine kwa intaneti ajue kwamba kwa kasi ya kupakia ya megabiti 20 kwa sekunde, isiyokatika usiku na mchana, mzigo wa 4K utachukua siku sita. Kumpa mtu diski apande nayo basi ni haraka zaidi.

Halafu mwisho wa safari uko wapi? YouTube inapendekeza video ya HD ya picha 25 ipakiwe kwa megabiti 8 kwa sekunde. Familia nyingi zitaitazama harusi yao kwenye simu, kwa faili lililobanwa tena na WhatsApp. Picha iliyorekodiwa kwa megabiti 492 inamfikia shangazi kwa megabiti 8 au chini ya hapo. Haimaanishi kwamba kurekodi vizuri ni kazi bure. Inamaanisha kwamba ubora huo una faida kati ya kurekodi na kukabidhi tu, wakati wa kuhariri na kurekebisha rangi, na kama huna kazi kubwa ya kufanya hapo katikati, umelipia kitu ambacho hakuna atakayekiona.

Hapo katikati ndipo panapostahili kutazamwa kwa karibu. Chukua ukuta mweupe wa ukumbi uliomulikwa na taa za zambarau kutoka chini. Mwanga unafifia polepole kutoka sakafuni hadi darini. Kamera ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kueleza kufifia huko, na kwa viwango vya video zinazotumika ni kama 220. Ukianza kuvuta rangi kwenye kompyuta, ngazi zinaachana na ukuta unatoka na mistari mipana ya zambarau, kama ngazi za msikiti zinavyoonekana kwa juu. Biti 10 zina ngazi 1,024. Ukuta uleule unavutwa rangi na unabaki laini.

Pindo la kanga nyekundu au taraza za dhahabu kwenye kanzu ya bwana harusi ni jambo la pili. Kamera nyingi zinaporekodi ndani hutumia mfumo wa 4:2:0, ambao kati ya nukta 2,073,600 za mwanga huweka sampuli 518,400 tu za kila kijenzi cha rangi, yaani robo. HDMI mara nyingi hutoa 4:2:2, ambayo huweka nusu. Kwenye uso wa mtu hutaona tofauti. Kwenye ukingo wa nyekundu dhidi ya nyeusi, au ukitaka kuondoa kitambaa cha kijani nyuma ya mtangazaji, utaiona mara moja, kwa sababu ukingo wa 4:2:0 una meno.

Lakini kinasa hakiongezi kitu ambacho kamera haikukituma, na kwenye maelezo ya mauzo jambo hili halisemwi kwa uwazi unaotosha. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sony A7S ya mwaka 2014. Kamera hiyo ya karibu dola 2,500 ilikuwa bingwa wa kuona gizani, na ilisifiwa kwa 4K, lakini haikuweza kurekodi 4K ndani yake hata kidogo. Ilikuwa inaitoa kwa HDMI tu. Atomos wakaleta Shogun kwa karibu dola 2,000. Kwa hiyo 4K ya kamera ile ilimgharimu mtu asilimia 80 zaidi ya bei ya kamera yenyewe, bila diski. Na hata baada ya fedha zote hizo, HDMI ya A7S ilitoa biti 8. Shogun ilikuwa na uwezo wa kuandika biti 10, lakini biti 8 zikimiminwa kwenye faili la biti 10 zinabaki biti 8 zilizokaa kwenye faili kubwa zaidi. Mwaka huohuo Panasonic GH4 ilitoa biti 10 halisi kwa HDMI huku ikirekodi biti 8 ndani. Hapo kinasa kilikuwa na kazi ya kweli.

Swali la kwanza kwa muuza kamera, basi, ni hili: tundu la HDMI linatoa biti ngapi, kwa ukubwa gani, na je, picha inatoka safi? Kamera za zamani zilituma pamoja na picha alama zote za kwenye kioo: betri, kisanduku cha fokasi, nukta nyekundu ya kurekodi. Alama hizo zikirekodiwa hazitoki tena. Canon 5D Mark III ilitoka mwaka 2012 lakini ilipata HDMI safi Aprili 2013, kwa sasisho la programu. Nikon nao, walipoiwezesha Z6 kutoa data ghafi kwa HDMI, waliitoza huduma hiyo karibu dola 200. Vitu vya namna hii havimo kwenye bei ya kinasa, lakini vinatoka mfukoni mwako.

Kwa nini basi kamera isiandike yenyewe kwa viwango hivi? Sababu moja ni joto. Nyingine ni kadi. Kadi ya SD ya daraja la U3 inahakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde, sawa na megabiti 240. Hiyo inatosha HD ya HQ, lakini haiikaribii 4K. Kadi ya V90 inahakikisha megabaiti 90 kwa sekunde, na 4K ya HQ inataka 92. Diski ya SSD ya kawaida inaandika megabaiti 400 na zaidi, na kwa kila gigabaiti ni rahisi mno kuliko kadi ya V90. Faida hii ya kinasa ni ya kweli na inadumu: unarekodi kwenye diski ya bei nafuu, kisha unaichomoa na kuhariri humohumo.

Umeme nao usisahaulike. Ninja V inakula kati ya wati 10 na 22. Betri kubwa ya aina ya NP-F970 ina takriban wati-saa 47, kwa hiyo ukikadiria wati 20 itakupa saa mbili na dakika ishirini. Harusi ya saa sita inataka betri tatu, na ya nne ya akiba. Vinasa vidogo vingi vina nafasi ya betri moja, na ukiitoa kinazima. Ubadilishaji wa betri lazima upangwe, usifanyike bibi harusi akiwa mlangoni. Ukumbini unaweza kuchomeka ukutani, ila umeme ukikatika katikati ya faili, faili hilo linaweza lisifunguke. Betri iliyojaa ikae kwenye kifaa muda wote kama kifaa chako kinaruhusu vyote viwili kwa pamoja.

Na waya. Katika mnyororo wote, kitu cha bei ya chini kabisa ndicho kinachoua kazi. Kamera nyingi ndogo zina tundu dogo kabisa la HDMI, lenye upana wa milimita 6 hivi, na ndani yake mna pini zilezile 19 zilizomo kwenye tundu kubwa la milimita 14. Hakuna kitu kinachoufunga waya humo. Waya wa SDI wa kamera za televisheni unazungushwa ukajifunga. Wa HDMI unakaa kwa msuguano tu. Mpiga video anapogeuka ghafla kufuata msafara, waya unavutwa kidogo, kioo cha kinasa kinakuwa cheusi kwa sekunde mbili, na faili linakatika. Mivuto mingi ya namna hiyo hulegeza tundu lenyewe, na matengenezo yake ni kubadilisha bodi ya kamera. Fremu ya chuma yenye kibano cha waya, na waya mfupi wa sentimita 30 hadi 50, ningevinunua kabla ya diski ya pili. Kwa 4K ya picha 25, waya wa kizazi cha HDMI 1.4, wenye gigabiti 10.2 kwa sekunde, unatosha. Kwa 4K ya picha 50 unahitaji HDMI 2.0, gigabiti 18.

Wapo wanaouliza kuhusu vile vifaa vidogo vya bei ya chini vinavyobadilisha HDMI kuwa USB, ambavyo makanisa na misikiti mingi ilivinunua mwaka 2020 ili kurusha ibada mubashara. Vingi vinatumia USB 2.0, ambayo uwezo wake wa juu kwa nadharia ni megabiti 480 kwa sekunde. Tumeona kwamba HD isiyobanwa ni megabiti 829. Kwa hiyo lazima vibane, na kwa kawaida hubana kwa MJPEG. Kwa kurusha mahubiri vinafaa kabisa. Kwa kutunza kumbukumbu ya ndoa ya mtu, hapana.

Kuna kazi ambazo kinasa kinazilipia vizuri. Hotuba ndefu ni mojawapo. Kwa miaka mingi kamera za picha zilijizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha za Ulaya zilihesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video na kukitoza ushuru. Kamera hizo bado zimejaa sokoni kwetu zikiwa za mitumba. Kinasa hakijali: almradi kamera imewaka, kinaendelea kuandika kwa saa nzima bila kukatika. Kazi nyingine ni usalama. Ukirekodi ndani ya kadi na kwenye kinasa kwa wakati mmoja, una nakala mbili tangu sekunde ya kwanza, na kadi ikiharibika hupotezi kitu. Ya tatu ni kompyuta. ProRes haiitesi mashine ya zamani kama H.264, mbano unaotumiwa ndani ya kamera nyingi, inavyofanya, kwa hiyo mhariri mwenye kompyuta dhaifu anaweza kukata moja kwa moja bila kusubiri. Na kioo cha inchi 5 chenye mwanga mkali kinakuonyesha fokasi juani, jambo ambalo kioo cha kamera hakiwezi.

Kwa kamera mpya mambo yamebadilika. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 iliandika biti 10 za 4:2:2 ndani ya kadi. Sony A7S III ya mwaka 2020 inaandika ubora huohuo wa 4K kwa megabiti 140 kwa sekunde, gigabaiti 63 kwa saa, ambayo kwa harusi ya saa sita ni gigabaiti 378 badala ya 1,326. Tangu mwaka 2023 iPhone 15 Pro inaandika ProRes moja kwa moja kwenye SSD iliyochomekwa kwa USB-C, bila kinasa katikati. Aliye na kamera ya kizazi hiki na anayepiga harusi hana sababu ya kununua kinasa, labda kwa ajili ya kioo chake.

Aliye na kamera ya zamani yenye HDMI safi, na kazi ndefu za mfululizo, ningemshauri arekodi HD kwa ProRes LT na aachane na 4K mpaka mteja aitake na kuilipia. Kama kazi za namna hiyo ni chache, akodi. Ikiwa kodi ya siku ni shilingi 60,000, basi shilingi milioni 1.5 ni siku 25 za kukodi, na mwenye kifaa ndiye anayehangaika na betri.

Jambo la mwisho liandikwe kwenye mkataba na mteja: video ghafi zitatunzwa siku 90 baada ya kukabidhi kazi, kisha zitafutwa. Kwa harusi 40 za mwaka, siku 90 ni kama harusi kumi tu kwenye diski kwa wakati mmoja, ukiacha zile ambazo bado unazihariri. Hata kwa 4K ya ProRes 422 hiyo ni terabaiti 26.5, diski za shilingi milioni 2.65 ambazo utazizungusha mwaka mzima, badala ya milioni 10.6 kila mwaka. Kabla hujamlipa muuza kinasa, kaa na kalamu, zidisha saa zako kwa 0.45 na kwa megabiti utakazorekodi, kisha nenda kwanza kaulizie bei ya diski.